Vitamini C na moyo: sifa ni ya pera au ya kidonge?

Tangu siku za Korona, vidonge vya vitamini C vimepata makao ya kudumu kwenye kaunta za maduka ya dawa hapa Kisumu, hasa vile vya kutumbukiza majini vikatoa povu. Zamani vilinunuliwa kwa ajili ya mafua. Siku hizi wapo wanaovinywa ili kulinda moyo. Wanasema hivi: matunda yana vitamini C, walaji wa matunda hawasumbuliwi sana na moyo, basi kidonge kitafanya kazi ileile bila mtu kuhangaika kumenya chungwa. Hoja inaingia akilini. Ila imeshapimwa, ikaanguka.

Si kwamba haina msingi. Mwili wetu hauwezi kujitengenezea vitamini C, lazima tuile. Utando wa ndani wa mishipa ya damu hutoa gesi ya naitriki oksaidi inayoilegeza mishipa, na vitamini C husaidia gesi hiyo isiharibike mapema. Huko Norfolk, Uingereza, watafiti walipima damu ya watu zaidi ya 19,000, na matokeo ya mwaka 2001 yakaonyesha kuwa wenye vitamini C nyingi damuni walikuwa na vifo vichache zaidi vya maradhi ya moyo. Hata kwa presha, majaribio ya muda mfupi yaliyojumlishwa mwaka 2012 yalionyesha namba ya juu ikishuka kwa karibu pointi 4.

Sasa sikiliza upande wa pili. Madaktari wanaume 14,641 wa Marekani, wote wa miaka 50 na zaidi, waligawanywa: wengine wakapewa miligramu 500 za vitamini C kila siku, wengine kidonge kisicho na kitu. Baada ya takriban miaka 8, matokeo yalitangazwa mwaka 2008. Mshtuko wa moyo, kiharusi, vifo vya moyo: hakuna tofauti. Mwaka mmoja kabla, jaribio la wanawake zaidi ya 8,000 waliokuwa katika hatari kubwa ya maradhi ya moyo lilitoa jibu hilohilo.

Mbona Norfolk ilisema vingine? Naona vitamini C iliyo damuni ni kama risiti ya sokoni. Inaonyesha kwamba mtu amekula matunda na mboga, ambamo mna potasiamu, nyuzinyuzi na foleti pia. Na huenda havuti sigara, maana sigara huipunguza. Kumeza kidonge ni kupata risiti bila bidhaa.

Watetezi wa vidonge wana jibu moja ninaloliheshimu: wale madaktari walikuwa wanakula vizuri tangu awali, na mwili ukishatosheka na vitamini C, ziada huishia kwenye mkojo. Je, mtu anayekula ugali na omena bila tunda wiki nzima? Swali ni la haki, kwa kuwa uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa Wakenya zaidi ya 9 kati ya 10 hawafikishi sehemu tano za matunda na mboga kwa siku. Lakini mtu huyo amepungukiwa na chakula kizima, na dawa yake iko kwenye ua wa jirani. Gramu 100 za mapera zina miligramu zaidi ya 200 za vitamini C. Za chungwa ni kama 50. Msimu ukifika, Siaya na Vihiga mapera huozea chini ya miti.

Mboga zetu zina mambo yake. Mrenda hutiwa magadi kidogo, au munyu wa jivu, ukalainika upesi na kuteleza na ugali. Osuga huchemshwa, maji ya uchungu yakamwagwa, kisha hupashwa na maziwa siku ya pili. Vitamini C haivumilii moto mrefu wala magadi, na huyeyukia majini, kwa hiyo nyingi hupotea. Sitamwambia nyanya yeyote aache kupika hivyo: nyuzinyuzi zimo bado, na utamu huo hauna mbadala. Kachumbari mbichi pembeni, au pera baada ya kula, vitafidia. Kwa mwenye presha, kinachonisumbua zaidi ni sodiamu iliyo katika magadi na chumvi.

Na hapo ndipo kidonge cha povu kinaponishangaza. Povu lile kwa kawaida hutokana na baikaboneti ya sodiamu, jamaa wa karibu wa magadi ya mrenda. Vingi vina miligramu 1,000 za vitamini C, ilhali mtu mzima anatosheka na chini ya 100, na wanywaji wa dozi kubwa hujiweka karibu na mawe ya figo. Mwenye presha anayekinywa kila asubuhi kwa ajili ya moyo asome kwanza kiasi cha sodiamu kwenye kichupa, na hela ya dawa aliyoandikiwa na daktari asiigeuzie huko.