Saa za mkono: anza na moja, uivae mpaka uijue

Watu wakishajua napenda saa swali huwa hilo hilo, ninunue ipi, halafu wanataka niwatajie kumi bora. Siwatajii. Naamini kabisa kinachoharibu mapenzi ya saa ni haraka, mtu ananunua saa sita ndani ya miezi miwili kwa sababu kaona picha kwenye simu, mwaka ukiisha zote zimelala kwenye droo na hawezi kukwambia hata moja inakimbia au inachelewa sekunde ngapi kwa siku. Nunua moja. Ivae kila siku, hata miezi sita, ndio uanze kuwaza ya pili.

Na ya betri usiidharau jamani. Casio F-91W imetoka 1989 na mpaka leo inatengenezwa, nyepesi mpaka unasahau umevaa. Ndani ya saa ya betri kuna kipande cha kwatzi, aina ya jiwe la fuwele, kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde, ndio maana nyingi zinakosea sekunde kumi na tano hivi tu kwa mwezi, wakati saa ya mashine, ile ya springi isiyo na betri, hata nzuri tu inaweza kukosea hizo hizo kwa siku moja. Seiko, kampuni ya Japani, walipotoa Astron Desemba 1969, saa ya kwanza ya mkono ya kwatzi kuuzwa, viwanda vingi vya Uswisi vilikuja kufungwa miaka iliyofuata. Kwa hiyo kama shida yako ni kujua saa ngapi, betri imeshinda, hakuna ubishi hapo.

Ila mimi moyo wangu uko kwa zile za mashine. Yangu ya kwanza ilikuwa Seiko 5 otomatiki, yaani inajikaza yenyewe mkono ukitembea, mashine yake inaitwa 7S26, mgongo wa kioo unaona mambo yote ndani. Saa nyingi za betri mshale wa sekunde unaruka mara moja kila sekunde, huu wa otomatiki unateleza, lakini ukisogeza jicho karibu kabisa unagundua hautelezi, ni vihatua vidogo vidogo sita ndani ya sekunde moja, yaani 21,600 kwa saa nzima. Mashine hiyo huwezi kuitia ufunguo, yaani kuikaza springi, kwa vidole, ikilala unaitikisa taratibu, unasikia kile kipande kizito kinazunguka ndani, mara mshale unaamka. Nilikuwa nafanya hivyo karibu kila Jumatatu na sikuwahi kuchoka.

Kitu kimoja wauzaji hawasemi. Saa nyingi za mashine zenye tarehe usibadilishe tarehe kwa njia ya haraka, ile ya kuzungusha tarehe peke yake bila mishale, kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, mshale mfupi ukiwa nusu ya juu, kutoka 9 kupita 12 mpaka 3, maana meno ya kugeuza tarehe yanakuwa yameshikana na unaweza kuyavunja. Peleka kwanza mshale mfupi chini, kwenye 6, ndio uguse tarehe. Na maandishi ya mita 30 mgongoni hayamaanishi uzame nayo, hiyo ni ya kunawa mikono na mvua basi, kuogelea tafuta 100.

Saa za zamani zinavutia sana ila ngoja kwanza ujifunze kuangalia. Niliwahi kuuziwa moja naambiwa haijaguswa tangu miaka ya sitini, nikaipenda mpaka nilipoipeleka kwa fundi akaniwekea lenzi jichoni, herufi za jina nene zimevimba pembeni, vistari vya dakika havilingani, rangi ya kung'aa gizani bado kali kama ya jana. Uso ulipakwa upya. Alipofungua nyuma, kutu. Iliniuma kwa kweli, siku hizi bila picha ya mashine ya ndani sinunui, na muuzaji akikataa kufungua naondoka.

Saizi pima mkono wako, usifuate wengine, mikanda nayo ukijua upana wake ni milimita 18 au 20 au 22 unabadilisha mwenyewe nyumbani. Na hii ya kusema saa ni uwekezaji mimi siiungi mkono, nyingi sana zinashuka bei ukishazivaa, tena ya mashine inataka sevisi kila baada ya miaka kadhaa na sevisi si bure. Nunua kwa sababu unataka kuivaa.

Mimi ya pili niliisubiri mwaka na zaidi, ndogo tu, ya kutia ufunguo, haina hata tarehe. Kila asubuhi kabla sijashika simu naichukua, vidole viwili, nazungusha mara thelathini hivi, inaanza nyepesi halafu inakuwa nzito kidogo kidogo mpaka inakaza, naacha hapo hapo, naiweka sikioni kwanza ndio naivaa.