Kiti cha babu kimerudi kwa bei mpya

Kila Desemba, magari yanapopanda kwenda Kibosho, Marangu na Rombo, huwezi kukosa pikapu iliyobeba sofa nene zikiwa bado kwenye nailoni. Zikifika, kuna viti vinavyotolewa sebuleni ili kuzipisha: vya mbao tupu, mikono myembamba, miguu iliyochongoka kuelekea chini, mito miwili ya kuvaa foronya. Vinaishia bandani, kuku wakatagia. Sasa umbo hilohilo, lisilo na nakshi wala makuu, linauzwa Moshi na Arusha kama mtindo mpya, na bei yake inachekesha watu.

Wanaocheka wana hoja mbili. Mbao ni chache, kwa nini kiti kiuzwe ghali? Halafu kuna heshima: sebule ya Uchagani inapokea wakwe, na mkwe hakaribishwi kwenye kitu kinachofanana na kiti cha ofisi ya kata. Hii ya pili siidharau. Sofa nene ni ushahidi kwamba mtoto wa nyumba hii alikwenda kutafuta na akapata. Isitoshe, mgeni akikosa kitanda, sofa inalalika.

Ila hiyo ya mbao chache sikubaliani nayo. Chana kitambaa cha chini cha sofa ya bei rahisi. Mara nyingi utakuta mabanzi ya paini yaliyopigiliwa misumari yakiwa mabichi, na sponji imefunika aibu yote. Kiti chembamba hakina pa kufichia. Mguu wa inchi moja na nusu unambeba mtu wa kilo 90 anayejitupa nyuma kwa kicheko, na kinachoushika ni ulimi uliochongwa ukaingia tunduni kwa kubana. Mbao isipokaushwa hadi unyevu wa asilimia 12 hivi, ulimi unasinyaa humo humo ndani, gundi inaachia, na kiti kinaanza kuyumba. Nakshi na rangi nzito husitiri kosa la milimita mbili. Mninga uliopakwa mafuta tu hausitiri kitu. Mnunuzi analipia siku za randa, patasi na msasa.

Wapo wanaosema haya ni mambo ya Wazungu wenye fedha. Mfano maarufu wa mtindo huu, kiti J39 cha mbunifu wa samani Børge Mogensen cha mwaka 1947, ulibuniwa Denmark kwa ajili ya FDB, muungano wa vyama vya ushirika vya walaji, ili familia ya kawaida imudu kukinunua. Hata sehemu ya kukalia ilisukwa kwa kamba ya karatasi. Moshi, mji wa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, tangu 1933, ungeelewa jambo hili bila kufundishwa. Kwetu, bahati mbaya, kiti cha ushirika kimegeuka pambo la hoteli za watalii na nyumba za wenye nacho wa Njiro, Arusha, na hapo wanaocheka wana haki yao.

Kuhusu wageni: wakizidi 20, iwe msiba au mahari, sofa yenyewe inasukumwa pembeni na viti vya plastiki vya kukodi vinaingia.

Desemba hii pita bandani, ukipindue kile cha babu. Kama ulimi bado umekaza tunduni baada ya miaka yote hiyo, kinahitaji msasa, mafuta na foronya mpya. Kuku watafutie kikapu.