Risasi, zebaki na mja mzito: tuonye nini, na nani aonywe?

Wapo wanaotaka kliniki za Unguja na Pemba zianze kuwaonya waja wazito juu ya madini yenye sumu, hasa risasi na zebaki. Hoja yao ni nzito. Risasi hupita kwenye kondo la nyuma bila kizuizi cha maana, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Tena hukaa mifupani kwa miongo. Aliyeivuta utotoni akija kushika mimba, naye hapati kalsiamu ya kutosha, mifupa yake huachia kalsiamu na risasi kwa pamoja. Mtoto anaweza kuzaliwa kabla ya siku zake, au na uzito mdogo, au na athari za ubongo zitakazoonekana akishaanza skuli.

Wanaopinga nao wanauliza swali la haki: mwanamke wa Kojani au Nungwi, ambaye kitoweo chake ni samaki, utamwonya umwambie nini? Zebaki huongezeka kadiri samaki mkubwa anavyomla mdogo, ndiyo maana papa na nduaro wanayo nyingi kuliko dagaa na vibua. Kule Minamata, Japani, ambako ugonjwa wa zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, mama waliokuwa wazima machoni mwa watu walizaa watoto wenye ulemavu mkubwa. Visiwa vya Faroe, kwa walaji wa nyama ya nyangumi, watafiti waliona athari kwa watoto. Lakini Shelisheli, wenzetu wa Bahari ya Hindi, mama waliokula samaki karibu mara 12 kwa wiki walifuatiliwa na watoto wao kwa miaka mingi, na madhara ya wazi hayakuonekana.

Hapa nasimama na wanaopinga. Ukimwambia mja mzito kwamba samaki ana sumu, ataogopa, atakula muhogo mkavu, na mtoto atakosa protini, ayodini na mafuta yanayojenga ubongo. Aambiwe apunguze papa na nduaro, aendelee na dagaa, vibua na changu. Basi.

Udongo wanaoula waja wazito sina huruma nao, maana unaweza kubeba risasi. Utafiti uliofanyika Pemba na kuchapishwa mwaka 2010 ulikuta karibu waja wazito wanne kati ya kumi wakila vitu kama mchele mbichi, na wachache udongo, na tabia hiyo iliambatana na upungufu wa damu. Hilo linanitia wasiwasi, kwa sababu mwili uliopungukiwa madini ya chuma hufyonza risasi zaidi. Kwa hiyo vile vidonge vya damu vyenye madini ya chuma, ambavyo wengi huviacha kwa kichefuchefu, ni kinga pia dhidi ya risasi. Mkunga akilisema hilo waziwazi, huenda vikamezwa.

Na wanja je? Wa masizi si sawa na wa jiwe, kwani jiwe hilo mara nyingi ni risasi iliyochanganyika na salfa. Mtoto wa siku saba hupakwa kope na nyusi, akajifuta macho, kisha mkono ukaenda mdomoni. Masizi yanatosha, na kumwacha bila kitu ni bora zaidi.

Kasoro kubwa ya onyo la kliniki ni kwamba linamlenga mama peke yake. Nenda pwani utazame chubwi, vile vizito vya kuzamishia mishipi na nyavu, zinavyotengenezwa. Betri kuukuu ya gari imepasuliwa, risasi inayeyuka katika kopo juu ya makaa, kijana anaimimina kwenye vitundu alivyochimba mchangani, na moshi unaelekea majumbani. Jioni anarudi kwa mkewe mwenye mimba na shati lile lile. Huyu hakanyagi kliniki. Anayepaswa kumfuata ni sheha, kamati ya wavuvi na wanaonunua betri chakavu, na apatiwe chubwi za chuma au mawe kabla ya kukatazwa.

Wanawake wa Pemba wameshatoa damu, mkojo na vipande vya kondo la nyuma kwa ajili ya utafiti wa AMANHI, wa afya ya mama na mtoto mchanga, uliofanyika pia Bangladesh na Pakistani. Lolote litakalojulikana humo kuhusu madini haya lirudi kwao shehiani, lisomwe kwa Kiswahili, waume zao wakiwa wamekaa hapo hapo wakisikiliza.