Lita 30 uhakika? Uhakika wa nani?

Tangazo limetua kwenye kundi letu la WhatsApp la wafugaji asubuhi mapema, watu bado wako kwenye kiwele: "MTAMBA. Friesian pure, mimba miezi 6, lita 30 UHAKIKA. Yupo Machame, bei maelewano." Picha tatu. Dakika chache baadaye vidole gumba vimejaa, na mmoja ameshauliza mwisho shilingi ngapi.

Nikauliza, kwa adabu zote. Mtamba, si ndiyo? Hajazaa. Hajakamuliwa hata kikombe. Hizo lita 30 zimepimwa lini? Kimya. Mama yake alikuwa anatoa ngapi? Hajui, alimnunua mnadani akiwa ndama. Baba yake? "Hiyo ni mbegu ya nje, mangi." Ya nje ya wapi? Holili, hapo mpakani na Kenya?

Simwiti muuzaji tapeli. Anaamini anachokisema, na hilo ndilo linaloniuma. Wote tumekubaliana bila kikao kwamba ng'ombe akiwa na mabaka meusi na meupe basi maziwa yatakuja yenyewe, na bei inapanda kwa kufuata ukubwa wa mabaka. Tunanunua rangi ya ngozi kwa mamilioni.

Dume hakamuliwi. Utamjuaje kama ana maziwa? Kwa binti zake. Unakusanya lita za mabinti wa dume huyu kutoka mabanda mengi, unazilinganisha na za mabinti wa madume wengine waliozaa msimu mmoja na kula chakula cha namna moja, ndipo unathubutu kusema huyu anaongeza na yule anapunguza. Wakulima wa Vejen, Denmark, walianzisha chama cha kupima maziwa mwaka 1895. Hawakuwa na kompyuta wala simu. Mtu alizunguka banda kwa banda na mizani na daftari, akipima ng'ombe mmoja mmoja. Kazi ya namna hiyo ndiyo iliyozaa hiki tunachokiita leo "mbegu bora ya nje". Sisi tumeagiza mbegu, daftari tukaliacha bandarini.

Mrija wa mbegu za dume unaotolewa kwenye mtungi wa naitrojeni, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, una jina la dume, na dume huyo ana sifa zake zilizoandikwa. Sifa hizo ni za kweli. Ila zimepimwa kwa mabinti wanaokula silaji (majani yaliyovundikwa), mahindi na soya, wanaolala pakavu, wasioijua ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe, hata kwa kuisikia. Dume anayeongoza kule anaweza kuwa wa kawaida kabisa akiletwa Kibosho, na yule wa katikati ya orodha, mwenye mabinti wadogo wa umbo wanaoshika mimba upesi, akawa ndiye mkombozi wetu. Anaweza. Hatujui, kwa sababu mabinti zake walioko huku hakuna aliyewapima.

Twende kwenye hesabu ya majani, maana hii matangazo hayaigusi. Ng'ombe wa kilo 500 anayekamuliwa vizuri anahitaji kama kilo 15 za chakula kikavu kwa siku. Matete mabichi sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo ukitaka kilo 15 kavu ubebe kama kilo 75 mbichi. Kila siku, hata Jumapili, hata siku ya msiba. Mgomba uliokatwakatwa ndiyo usiseme, huo ni maji kuliko matete. Kihamba, shamba letu la ukoo la migomba, kimegawanywa kwa watoto mpaka kimebaki upana wa banda na kaburi la babu, kwa hiyo majani yanatoka tambarare, kwa Canter ukiwa na hela au kwa kichwa cha mwanamke ukiwa huna.

Hapa niwaseme ndugu zangu wa Dar. Mnapanda huku mlimani Desemba, mnakuta ng'ombe wa mama ni mfupi, chotara asiyeeleweka, mnaona aibu. Mnachanga, mnamletea mama Friesian mkubwa kama Noah, mnapiga naye picha, tarehe 2 Januari mmeshapita Same mnarudi mjini. Mama ana miaka sabini na ushee. Kiangazi ndiyo hicho kinaanza kukaza, robota la nyasi linapanda bei, na lile dude linasimama bandani linamtazama. Februari limekonda mbavu za kuhesabika. Mama hawezi kuwapigia simu kulalamika maana ni zawadi. Mnaita hiyo kumsaidia mama?

Na yule chotara mfupi mliyemuuza? Wa aina yake yuko kwa jirani yetu mmoja, rangi ya udongo, damu zake hakuna anayezijua. Hana lita za kutangaza. Ila kila mwaka anazaa, anakula kinachopatikana, na sijamsikia mwenyewe akimtafuta daktari usiku. Ng'ombe wa lita 20 anayekaa miaka miwili bila kushika mimba anakamuliwa vizuri miezi michache, halafu anakula bure. Ukijumlisha maziwa ya maisha yake yote na kutoa gharama ya majani, sina hakika ni nani angesimama jukwaani Nane Nane pale Njiro. Lakini kwenye maonyesho nani anauliza ng'ombe amezaa mara ngapi? Kibao kinasema lita tu.

Hili la chotara si porojo za mtu wa migombani. Tafiti za nchi za joto zimelisema kwa miaka mingi: ukivuka kutoka ng'ombe wa asili kwenda nusu kwa nusu, maziwa yanaruka kweli. Ukiendelea kuongeza damu ya Ulaya huku malisho na kinga ya magonjwa vikibaki vilevile, maziwa hayaruki tena namna ile, na uzazi na uhai wa ndama vinaanza kuyumba. Sisi tunauziana "asilimia 90" kama dhahabu. Na asilimia yenyewe imekisiwa kwa macho!

Haya, nikubali kidogo, maana najua mtanirushia. Damu ya nje ilituletea maziwa, hakuna anayetaka kurudi kwa zebu wa lita mbili. Mpango wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, unapewa mtamba unalipa kwa ndama jike, umeingiza mitamba kwenye nyumba ambazo zisingemnunua hata mguu wake. Na Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, yaani kupandisha ng'ombe kwa mrija wa mbegu, kiko hapo Usa River, tunakipita kila tukienda Arusha, madume wapo na mbegu zipo. Bila uhimilishaji tungebaki na dume mmoja wa kijiji anayepanda mama, binti na mjukuu mpaka ndama wanatoka wadogo kama mbuzi. Hayo yote nayakubali. Wanaokosekana ni mabinti waliopimwa.

Mtaniambia mfugaji wa ng'ombe wawili atapima nini. Peke yake, kweli, hakuna cha kulinganisha. Lakini wawili wangu, mmoja wako na watatu wa yule tukiweka pamoja kata nzima, hilo ni kundi kubwa. Siku hizi DNA inaweza kusema baba ni nani na damu ni za wapi, hata kama aliyempandisha hakuandika. Mradi wa ADGG wa kuboresha ng'ombe wa maziwa Afrika, ulioongozwa na ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, umelifanya hilo hapa Tanzania na Ethiopia: lita zinaandikwa kwa simu kutoka kwa wafugaji wadogo, vinasaba vinasomwa, madume na majike wanapangwa kwa walichokitoa kwenye mabanda yetu sisi. Kwa hiyo msiniambie haiwezekani. Imefanyika. Swali ni nani anaendelea kuandika wenye mradi wakishaondoka na magari yao.

Mbegu ya nje nayo si malaika. Kulikuwa na dume la Kimarekani, Pawnee Farm Arlinda Chief, alizaliwa mwaka 1962, maziwa ya uzao wake yalikuwa ya ajabu, kila mtu akamtaka. Baadaye sana ndipo wakasoma DNA na kugundua alikuwa amebeba kasoro ya kinasaba: ndama akiirithi pande zote mbili, kwa baba na kwa mama, anafia tumboni. Inakadiriwa mimba 500,000 ziliharibika duniani kwa ajili yake. Unajua kwa nini waliweza kuikamata? Kila ndama aliandikwa, baba fulani, mama fulani. Ingekuwa kwetu tungesema ng'ombe karogwa.

Yapo mengine. Mhimilishaji anapigiwa simu asubuhi anafika kesho yake joto la ng'ombe kutaka dume limeshapita, siku 21 za kusubiri joto jingine zimepotea, na hela ya mafuta ya pikipiki unalipa. Ndama dume hana bei. Josho limekauka. Kila moja lina makala yake.

Ila daftari haligharimu mamilioni. Pale tunapopeleka maziwa, lita zinaandikwa tayari kila asubuhi, jina la mwenye ng'ombe na kiasi. Kinachokosekana ni lita za kila ng'ombe, na hilo mwenye ndoo analijua kabla hajachanganya. Kampeni ya chanjo na utambuzi wa mifugo iliyozinduliwa 2025 imekuja na hereni, namba hiyo hapo sikioni. Andika namba ya hereni, lita za asubuhi na jioni siku moja kwa mwezi, tarehe ya kuzaa, jina la dume lililoandikwa kwenye mrija. Mwambie mhimilishaji akuachie ule mrija mtupu, usiutupe kwenye samadi. Mwanao wa darasa la tano anaiweza kazi hii kabla hajafungua TikTok.

Nimempelekea wazo mwenyekiti wa kikundi chetu cha maziwa. Akasema ni zuri sana, tutalijadili baada ya Krismasi, watu wakishatulia. Mzee wangu, kwa heshima zote: kufika Krismasi kuna majike watatu hapa mtaani watakuwa wamezaa, wawili kwa dume mmoja. Ndama jike akitokea, mtatangaza ana lita ngapi?