"Lakini walisoma": kupima utetezi wa shule za bweni za Kanada

Mjadala wa shule za bweni za watoto wa wenyeji asilia wa Kanada haumaliziki bila mtu kusema: mabaya yalikuwepo, lakini walisoma. Kwetu Afrika Mashariki maneno hayo yanapokelewa upesi. Wengi wetu tumepita shule za misheni, au wazazi wetu walipita. Mwalimu Nyerere mwenyewe alifundisha Pugu, shule ya Kanisa Katoliki. Tunawaheshimu mapadre na masista waliotufundisha, na tuna sababu. Ndiyo maana naona hoja hii ipimwe kwa haki kabla ya kukataliwa.

Kuanzia miaka ya 1880 hadi miaka ya 1990, zaidi ya watoto 150,000 wa Mataifa ya Kwanza, Wainuit na Wametisi, yaani makundi matatu ya wenyeji asilia, walipelekwa katika shule zilizogharimiwa na serikali na kuendeshwa na makanisa, nyingi zikiwa za Wakatoliki, nyingine za Waanglikana, Wapresbiteri na Wamethodisti. Mwaka 1920 sheria ilirekebishwa ili mtoto aweze kuchukuliwa hata mzazi akikataa. Walinyolewa nywele, wengi wakaitwa kwa namba, na lugha ya mama ikawa kosa la kuchapiwa.

Watetezi wana mambo matatu ya kusema. La kwanza ni kweli kabisa: wapo waliotoka humo wakiwa na shukrani, na Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza shule hizi na kumaliza kazi mwaka 2015, iliandika ushuhuda wao bila kuuficha. Walikuwepo walimu wenye upendo. La pili ni kwamba zama zile kifua kikuu kilikuwa kinaua kila mahali. Hili halisimami. Mwaka 1907 Dk. Peter Bryce, mganga wa serikali yenyewe, alikagua shule 35 za magharibi na kukuta mabweni yaliyojaa kupita kiasi, yasiyopitisha hewa. Katika shule zilizomjibu, asilimia 24 ya waliowahi kuandikishwa walikuwa wamekufa. Alitoa mapendekezo, yakaonekana ghali, yakawekwa kando. Ugonjwa ulikuwa wa zama zile, ndiyo. Kuwalaza wagonjwa pamoja na wazima baada ya daktari kuonya ulikuwa uamuzi wa watu.

La tatu ni la karibuni: kwamba habari za makaburi ya watoto zilitiwa chumvi. Mei 2021, huko Kamloops, palipokuwa na mojawapo ya shule hizo, ilitangazwa kwamba rada ya kuchunguza ardhi imeonyesha mabaki ya watoto 215 katika makaburi yasiyo na alama. Baadhi ya vyombo vya habari vikakimbilia kuandika "kaburi la halaiki". Rada huonyesha udongo uliovurugwa, haionyeshi mifupa, na wanaolalamikia vichwa vile vya habari wana haki. Lakini wanaotumia kosa la magazeti kufuta historia nzima wanadanganya. Vifo zaidi ya 4,000 vilivyothibitishwa vilitoka kwenye nyaraka, nyingi za serikali na makanisa hayo hayo.

Sasa turudi kwenye hiyo elimu. Kinachosahaulika ni kwamba wazazi waliitaka. Katika mikataba ya miaka ya 1870 machifu walidai shule, na serikali ikaahidi kuzijenga na kuleta walimu katika maeneo yao wenyewe. Hawakudai watoto wao wahamishwe. Walichopewa, kwa miongo mingi, ni nusu siku darasani na nusu siku shambani, jikoni na kwenye kufua nguo, kwa sababu fedha za serikali hazikutosha kuendesha shule bila jasho la watoto. Mwaka 1966 Chanie Wenjack, mwenye umri wa miaka 12, alitoroka shule karibu na Kenora akitaka kwenda kwao, umbali wa kilomita zipatazo 600. Alikutwa amekufa kwa baridi kando ya reli.

Mwaka 1970 wazazi huko Alberta waliingia katika shule ya Blue Quills, iliyokuwa karibu kufungwa, wakakaa humo hadi serikali ikawakabidhi uendeshaji. Leo ni chuo kikuu kinachoendeshwa na mataifa saba ya wenyeji. Kwangu, huo ndio ushahidi mzito kuliko wote: darasa halikuwa adui wa watu hawa. Adui ni kunyang'anywa mtoto.

Nani abebe lawama, kanisa au serikali? Serikali ndiyo iliyotunga sheria na kushika mkoba, nayo iliomba radhi mwaka 2008. Lakini makanisa hayakuburutwa. Yalizitaka shule hizo na kuzitetea. Waanglikana waliomba radhi 1993, Wapresbiteri 1994. Papa Francis alikwenda Maskwacis, huko Alberta, Julai 2022 akaomba msamaha kwa maovu yaliyotendwa na Wakristo wengi, na Murray Sinclair, aliyeongoza ile Tume, akasema hayo hayatoshi kwa sababu kanisa lenyewe kama taasisi halikutajwa. Naungana naye. Katika mapatano ya fidia ya 2006, taasisi za Kikatoliki ziliahidi kujitahidi kuchangisha dola milioni 25 kwa ajili ya manusura. Zilizopatikana hazikufika hata milioni 4. Mwaka 2021 maaskofu waliahidi milioni 30 nyingine. Mimi ningeanza na nyaraka: shirika la Waoblati, lililoendesha shule nyingi kuliko mashirika mengine ya Kikatoliki, limekubali kufungua kumbukumbu zake za Roma, na kila shirika lililobaki lifanye hivyo sasa, wakati wapo bado kaka na dada wanaouliza ndugu yao alizikwa wapi.