Watoto wa Nairobi wanastahili kuliona anga

Kuna mwandishi aliyeuliza kama inafaa kulipa pesa kwenda nje ya jiji usiku kutazama nyota kwa darubini. Mimi nasema inafaa kabisa. Januari niliwapeleka wanangu wawili upande wa Magadi. Ukishavuka vilima vya Ngong na kuteremka bondeni, mwanga wa jiji unabaki nyuma, na anga ni jingine kabisa. Tuliona sayari ya Mshtarii (Jupita) na miezi yake minne, ile ile aliyoiona mtaalamu wa nyota Galileo mwaka 1610. Binti yangu aligoma kutoka kwenye darubini.

Kilichonigusa zaidi hakikuhitaji darubini: Kilimia, kile kikundi cha nyota. Bibi yangu alikijua kwa jina na kwa msimu wa kulima, ila wanangu walikuwa hawajawahi kukiona, kwa sababu taa za mtaa wetu wa Umoja zinakifuta.

Anayetaka kwenda achague siku za mwezi mwandamo, abebe sweta, na simu azime. Macho huhitaji karibu nusu saa kuzoea giza, na skrini moja tu inaharibu yote.

Tuko karibu na ikweta jamani! Mwezi Mei, usiku mmoja, unaona kundi la nyota la Msalaba wa Kusini upande huu na lile la Dubu Mkubwa upande ule. Watu wa Ulaya hawana hiyo. Naomba shule zetu, hasa za Eastlands, mashariki mwa jiji, zipunguziwe bei ya safari hizi.