Mauaji ya Wayahudi yalipitia kwa mkuu wa kijiji

Ukitaja Maangamizi ya Wayahudi mbele ya watu waliosoma historia ya sekondari, wengi watakujibu kwa neno moja: Auschwitz. Reli, lango, vyumba vya gesi. Wana haki ya kuanzia hapo. Lakini kadiri ninavyosoma habari za vijiji vya Polandi chini ya Wanazi, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba tunaifahamu nusu tu ya habari hii. Kambini, muuaji hakuwa na haja ya kumjua anayemuua. Kijijini, aliyekamatwa alijulikana jina lake, la baba yake, na hata ng'ombe aliyewahi kuwauzia watu.

Nichukue kijiji kimoja, Markowa, kusini-mashariki mwa Polandi, karibu na mji wa Łańcut. Kabla ya vita kilikuwa kijiji kikubwa cha wakulima Wakatoliki, watu zaidi ya 4,000, na miongoni mwao Wayahudi wapatao 120. Wajerumani waliingia Septemba 1939. Tarehe 15 Oktoba 1941, Hans Frank, aliyetawala eneo hilo kwa niaba ya Hitler, alitoa amri kwamba Myahudi yeyote atakayetoka nje ya eneo alilopangiwa auawe, na anayemficha naye auawe vilevile. Mwaka uliofuata, kiangazi cha 1942, Wayahudi wa wilaya hiyo walikusanywa na kupelekwa Bełżec, kambi ambayo kati ya Machi na Desemba mwaka huo iliangamiza watu zaidi ya 430,000.

Wapo waliokataa kwenda. Walijichimbia mashimo mashambani, wakajificha kwenye makorongo, wakaomba nafasi darini kwa watu waliowajua. Hapo ndipo sura ya pili ya mauaji inapoanza, na ndiyo sura tunayoisoma kwa haraka mno.

Fikiria hali ilivyokuwa upande wa watawala. Kituo cha polisi wa Kijerumani katika wilaya ya mashambani kilikuwa na askari wachache tu. Wengi wao hawakujua Kipolandi. Mwanamke wa Kiyahudi aliyezaliwa na kukulia shambani, aliyevaa kitambaa kichwani na kubeba kapu kama wenzake, askari wa kutoka Ujerumani angepishana naye njiani asimtambue. Jirani yake angemtambua akiwa mbali, kwa mwendo wake tu.

Basi kazi ikashushwa chini. Mkuu wa kijiji alitakiwa kutoa taarifa za wageni na waliojificha. Walinzi wa zamu za usiku, ambao huku kwetu tungewaita sungusungu, waliambiwa wamkamate yeyote wanayemwona anatembea gizani. Zimamoto wa kujitolea waliitwa kwenye misako. Polisi wa Kipolandi, waliojulikana kama Polisi wa Buluu kwa sababu ya sare zao, walibakizwa kazini chini ya mabwana wapya. Katika vijiji vingine waliteuliwa wanaume wa kubeba dhamana: akipatikana Myahudi ambaye hakuripotiwa, wao watalipa kwa maisha yao. Na kulikuwa na zawadi. Mahali pengine ilikuwa sukari, pengine pombe, pengine nguo za marehemu.

Hizo nguo zinanisumbua kuliko jambo lolote. Hofu naielewa. Mtu mwenye watoto anapoambiwa nyumba yake itachomwa moto, mimi niliyekaa salama siwezi kumhukumu kwa kufunga mlango. Lakini kufunga mlango si sawa na kutoka na taa usiku kwenda kumtafuta mtu. Hofu inaeleza kwa nini wengi walinyamaza. Haielezi kwa nini mtu alikwenda kituoni kwa hiari yake, bila kuulizwa, kisha akarudi nyumbani na koti la mtu aliyemchongea. Hapo kulikuwa na tamaa, na kulikuwa na chuki ya zamani dhidi ya Wayahudi iliyokuwapo kabla Mjerumani wa kwanza hajavuka mpaka.

Markowa nayo ilikuwa na msako wake. Desemba 1942, kwa amri iliyotoka juu, wanakijiji walipekua mazizi, maghala na vichaka kuwatafuta Wayahudi waliojificha. Waliopatikana wakafungiwa mahabusu ya kijiji, kisha polisi wa Kijerumani wakaja kutoka Łańcut na kuwapiga risasi. Askari wa kigeni walifyatua bunduki. Kupekua na kulinda mlango usiku kucha, hiyo ilikuwa kazi ya watu wa palepale.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuna haja ya kueleweshwa sana jambo hili. Mtu wa kwanza kuhukumiwa na mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari alikuwa Jean-Paul Akayesu, na hukumu ilisomwa Arusha tarehe 2 Septemba 1998. Hakuwa jenerali wala waziri. Alikuwa kiongozi wa wilaya ya mashambani, Taba, nchini Rwanda, na kabla ya hapo alikuwa mwalimu. Silinganishi vifo na vifo. Kila watu wana msiba wao, na Rwanda ya 1994 ilikuwa na chanzo chake. Ninachosema ni kwamba mauaji yakitaka kuingia kijijini, yanahitaji mtu mwenye orodha ya kaya na mamlaka ya kuitisha mkutano. Yakimpata huyo, yamefika.

Turudi Markowa. Pembezoni mwa kijiji hicho aliishi Józef Ulma na mkewe Wiktoria. Józef alizaliwa mwaka 1900, na alikuwa mtu wa kupenda kujaribu mambo. Alikuwa na kitalu cha miti ya matunda, alifuga nyuki na viwavi wa hariri, alisoma vitabu, na alipiga picha za kila kitu: harusi, mavuno, watoto wake wakioga kwenye beseni, mkewe akiandika na mtoto pembeni. Wiktoria alikuwa mdogo kwake kwa miaka kumi na miwili. Walikuwa na watoto sita, na wa saba alikuwa tumboni.

Juu ya dari yao waliwaficha watu wanane. Saul Goldman, mfanyabiashara wa mifugo kutoka Łańcut, pamoja na wanawe wanne. Mabinti wawili wa Goldman mwingine wa palepale Markowa, Gołda Grünfeld na Lea Didner. Na binti mdogo wa Lea. Mzigo wa watu wanane hauwezi kufichwa kirahisi. Chakula kinachonunuliwa kinaongezeka, na majirani wana macho. Familia hiyo kubwa iliishi kwa kulima na kwa kutengeneza ngozi, kazi ambayo wenye kujificha waliifanya pamoja na wenyeji wao. Upo ushahidi kwamba aliyewachongea ni Włodzimierz Leś, askari wa Polisi wa Buluu wa Łańcut, ambaye akina Goldman walikuwa wamemwachia mali zao na hakutaka kuzirudisha.

Usiku wa kuamkia tarehe 24 Machi 1944, Luteni Eilert Dieken aliondoka Łańcut na askari wake wa Kijerumani pamoja na baadhi ya Polisi wa Buluu. Walisafiri kwa mikokoteni ya farasi, na waendesha mikokoteni walikuwa wakulima wa vijiji vya jirani walioamriwa kutoa huduma. Tunajua mengi ya asubuhi ile kwa sababu hao wakulima walilazimishwa kutazama, nao baadaye wakatoa ushahidi. Wayahudi waliuawa kwanza, wengine wakiwa bado usingizini. Kisha Józef na Wiktoria walitolewa mbele ya nyumba. Watoto walikuwa wanalia wakiita wazazi wao. Askari wakashauriana, halafu wakawaua na watoto. Mkubwa, Stasia, alikuwa na umri wa miaka saba. Mkuu wa kijiji, aliyeitwa kuja kusimamia mazishi, alithubutu kumuuliza Dieken kwa nini wameua watoto. Akajibiwa kwamba ni ili kijiji kisipate usumbufu nao. Baada ya hapo askari waliipora nyumba na kunywa pombe palepale.

Kati ya picha za Józef ipo moja ya wanawake wa Kiyahudi, nayo ina madoa ya damu.

Kilichofuata ndicho ninachotaka kila anayesimulia habari ya akina Ulma akiseme. Wakati huo huo, nyumba nyingine za Markowa zilikuwa zimewaficha Wayahudi. Antoni na Dorota Szylar walikuwa na familia ya Weltz. Józef na Julia Bar walikuwa na familia ya Riesenbach. Asubuhi ile walisikia habari kama kila mtu. Walijua sasa kwa hakika, si kwa tangazo la ukutani, kwamba adhabu ni kuuawa wewe na kitoto chako kinachojifunza kutembea. Wangeweza kuwaambia wageni wao waondoke, na nani angewalaumu? Hawakuwafukuza. Wayahudi wapatao ishirini walitoka hai kutoka nyumba za Markowa vita vilipopita.

Kwa hiyo kijiji kimoja, ndani ya mwaka mmoja na miezi michache, kilitoa msako wa Desemba na kilitoa akina Szylar na akina Bar. Anayetaka kuamua kama kijiji kile kilikuwa chema au kiovu atapata shida, na nadhani shida hiyo inamstahili. Ninachoona ni watu mmoja mmoja, kila mmoja na mlango wake.

Baada ya vita, haki ilifika kwa kusuasua. Leś aliuawa na wapiganaji wa chini kwa chini wa Polandi Septemba 1944. Joseph Kokott, mmoja wa walioua watoto, alishitakiwa mjini Rzeszów mwaka 1958, akahukumiwa kifo, adhabu ikapunguzwa, akafia gerezani mwaka 1980. Dieken alirudi Ujerumani akaendelea na kazi ya polisi, akafa mwaka 1960 bila kusimamishwa mbele ya hakimu hata siku moja.

Heshima kwa akina Ulma ilikuja baadaye, na ilikuja kwa wingi. Mwaka 1995 Yad Vashem, taasisi ya Israeli ya kumbukumbu ya Maangamizi, iliwatambua kuwa Wenye Haki kati ya Mataifa, heshima wanayopewa wasio Wayahudi waliohatarisha maisha kuokoa Wayahudi. Mwaka 2016 makumbusho yenye jina lao yalifunguliwa Markowa. Tarehe 10 Septemba 2023 Kanisa Katoliki liliwatangaza wenye heri, wazazi na watoto wote saba. Wanastahili kila heshima hiyo, na zaidi. Wapolandi zaidi ya 7,000 wametambuliwa na Yad Vashem kwa kuokoa Wayahudi, idadi kubwa kuliko ya taifa lolote lile, katika nchi ambako adhabu ilikuwa kifo.

Linaloniudhi ni pale heshima hiyo inapotumika kama pazia. Mwanzoni mwa mwaka 2018 Polandi ilipitisha sheria ya kumfunga hadi miaka mitatu mtu atakayelihusisha taifa la Polandi na uhalifu wa Wanazi. Kelele zilikuwa kubwa, na Juni mwaka huo huo kifungo kikaondolewa. Mwaka 2021 wanahistoria wawili, Barbara Engelking na Jan Grabowski, waliamriwa na mahakama ya Warszawa waombe radhi kwa walichoandika kuhusu mkuu mmoja wa kijiji wakati wa vita. Agosti mwaka huo mahakama ya rufaa iliitengua hukumu hiyo, na ilifanya vyema.

Naelewa uchungu wa Wapolandi. Nchi yao ilivamiwa, ikapoteza raia kwa mamilioni, kisha wanasikia watu wavivu wa mbali wakisema "kambi za Kipolandi" kana kwamba wao ndio waliozijenga. Wana haki ya kukasirika. Wajerumani ndio walioanzisha, wakapanga, wakaamuru na kuua, na asiwepo wa kulipunguza hilo. Lakini huwezi kumsifu Józef Ulma kwa ujasiri kisha ukaniambia hakuna cha kuogopa kutoka kwa majirani. Aliwaficha watu wanane juu ya dari ili wasionwe na nani? Askari wa Kijerumani hawakukaa kijijini, walikuwa Łańcut. Siku hadi siku, aliyeweza kuwaona ni mpita njia, mteja wa ngozi, askari aliyekula mali ya Goldman. Ukiwaondoa hao kwenye simulizi, unampunguzia Józef na Wiktoria sehemu kubwa ya ujasiri wao, na unawafanya akina Szylar na akina Bar kuwa watu waliofanya jambo la kawaida.

Na wale wanane wana majina pia. Miili yao ilihamishiwa mwaka 1947 kwenye makaburi ya waathirika wa Wanazi huko Jagiełła-Niechciałki. Mahujaji wanaokwenda Markowa kusali mbele ya masalia ya akina Ulma wangefanya jambo la maana kufika na huko.